Mwalimu wa UPE aliishia la saba akatufundisha kusoma, wa leo ana diploma na darasa la nne halisomi. Hivi mafunzo ya ualimu yanaongeza nini?

#1 Kiswaga_wa_Geita
Wakuu habari za mchana. Naomba tulijadili hili bila matusi maana nina uchungu nalo. Nina mpwa wangu yuko darasa la nne shule ya serikali, juzi nimempa kitabu cha darasa la pili asome, akatiririka vizuri tu, kumbe ule ukurasa anaujua kichwani. Nikafunika picha kwa mkono nikamwambia aanzie katikati, akanyamaza. Na sio kwamba hana akili, ukimtuma dukani chenji anarudisha kamili. Nikaenda shuleni kuonana na mwalimu wake nikakuta kijana msomi, ana diploma, anajieleza vizuri. Sasa mimi kusoma nilifundishwa na mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya sabini, mtu aliyeishia la saba, na darasa la tatu nilikuwa namsomea babu gazeti. Kama yule aliweza na huyu anashindwa basi haya mafunzo ya ualimu yanaongeza nini kwenye ubora wa elimu? Au tunasomesha walimu vitu visivyohusiana na kazi wanayoenda kufanya?

#2 MamaJunior_Tbr
Jibu rahisi, waliofeli ndo wanapelekwa ualimu. Divisheni foo ya pointi 28 anakwenda Daraja A, kile cheti cha ualimu wa msingi, halafu tunategemea miujiza. Daktari anachukuliwa aliyefaulu, anayemfundisha huyo daktari kusoma anachukuliwa aliyekosa pa kwenda.

#3 Ngosha_Hesabu
@MamaJunior_Tbr hiyo ilikuwa zamani, sasa hivi kwa divisheni foo huingii chuo cha ualimu, walishapandisha sifa siku nyingi mpaka divisheni three. Na toleo jipya la sera ya elimu, lile la 2023, linataka mwalimu wa msingi awe na stashahada, cheti kinaondoka. Kwaiyo wanaoingia sasa wana ufaulu mzuri kuliko wa 2008 ila kilio cha mleta uzi bado kipo palepale. Tutafute sababu nyingine.

#4 Kabwela_Nyasa
UPE ilikuja na Azimio la Arusha 67, enzi za Mwalimu watu walikuwa wanafundisha kwa moyo. Leo ni mshahara tu.

#5 Chaki_Nyeupe
Mwanangu @Kabwela_Nyasa, 1967 ni Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. UPE inatokana na Azimio la Musoma la 1974, lengo la awali lilikuwa 1989 huko, Musoma wakalivuta mpaka 1977. Nalijua hili maana mimi mwenyewe ni mwalimu wa UPE, nimeshastaafu.

Niseme kidogo tulivyofundishwa, maana watu wanadhani tulitolewa shambani tukakabidhiwa chaki. Tulikuwa vijana wa la saba, tunakaa kijijini kwetu, tunafundisha sehemu ya siku na muda unaobaki tunasoma sisi wenyewe. Kulikuwa na masomo ya posta na vipindi vya redio, na kulikuwa na Mratibu Elimu Kata anazunguka shule kwa shule. Mwishoni kabisa ndo tunaenda chuo wiki chache na kufanya mtihani. Zaidi ya watu 35,000 walipita njia hiyo nchi nzima. Yule mratibu wetu alikuwa akija anakaa dawati la nyuma na watoto, anasikiliza somo zima, watoto wakitoka ananiuliza, "Yule wa pili dirishani umemuona? Hajaandika kitu tangu umeanza." Wiki mbili baadaye karudi, swali la kwanza ni yule mtoto wa dirishani. Nilijifunza ualimu hapo kuliko kwenye yale makaratasi.

Lakini msitupambe kupita kiasi. Kiingereza wengi wetu hatukukiweza, na hesabu za darasa la sita na la saba zilitutoa jasho. Watoto wengi walilipia hilo.

#6 BintiRungwe
Shikamoo mwalimu @Chaki_Nyeupe. Post bora ya uzi huu mpaka sasa. Yaani ulisoma kazi ukiwa kazini, na kuna mtu anakuangalia.

#7 Mzuka_wa_Kata
Msiwasahau vodafasta jamani. 2005, 2006 hivi, fom siksi wametoka mtihani wakapigwa kozi ya mwezi mmoja wakatupwa shule za kata. Ndo hao waliotuletea matokeo ya fom foo 2012, sifuri zaidi ya asilimia 60 nchi nzima. Nani anakumbuka Februari 2013? Mtaani kwetu ilikuwa kama msiba.

#8 Ngosha_Hesabu
Hapo tutenganishe makundi mawili. Kuna wale wa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini, hao ni Daraja A wa msingi wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuanzia 2002, ada ilipofutwa na watoto wakafurika. Vodafasta ni wa sekondari, wakati wa MMES, mpango kama huo wa sekondari wa 2004, shule za kata zimejengwa kila mahali na walimu hakuna. Na ile 2012 usiwabebeshe wao peke yao. Pinda, Waziri Mkuu wa wakati ule, aliunda tume, matokeo yakapangwa upya ufaulu ukapanda. Shule za kata zilikuwa hazina maabara, vitabu havitoshi, na mtoto katoka la saba anajua Kiswahili tu, siku ya kwanza fom wan anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Hata umpe profesa darasa hilo.

#9 Fizikia_Pori
Mi ni mmoja wa hao vodafasta mnaowasema. Content nilikuwa nayo, fizikia ya fom wan na fom tuu nilikuwa naimudu vizuri. Kilichonishinda ni vitu ambavyo sikujua hata kama vipo. Mfano kutunga mtihani, nilikuwa natunga maswali ambayo yule anayeelewa na yule anayekariri wote wanapata. Au mtoto ameandika kwamba kitu kizito kinaanguka haraka kuliko chepesi, mi naweka kosa napita, sikujua kwamba hilo ni wazo analo kichwani tangu utotoni na lisipochimbuliwa atabaki nalo mpaka fom foo hata ukimpa fomula mia. Nimekuja kuyajua hayo nilipoenda kusoma digrii ya ualimu. Kwaiyo mleta uzi ukiniuliza mimi, mafunzo yanaongeza kitu, na kikubwa. Naumia nikifikiria wale wa mwanzo niliowafundisha.

#10 Dogo_Mtukutu
Mkuu mimi nilikuwa darasani kwako nini? Maana mpaka leo najua jiwe linawahi kuliko jani 😂

#11 Fizikia_Pori
@Dogo_Mtukutu jani linapigwa na hewa dogo. Ukiwa kwetu njoo nikufundishe upya, bure.

#12 SautiYaChuoni
Wacha niseme mambo ya vyuoni maana nimemaliza Daraja A sio muda mrefu, chuo sikitaji. Mwaka wa kwanza karibu wote tulikuwa tunarudia masomo ya fom foo, hesabu, sayansi, Kiingereza, kwa sababu wengi wetu tuliingia na mapengo. Sawa, inahitajika, ila muda wa kujifunza namna ya kumfundisha mtoto wa miaka saba unaliwa. Halafu mkufunzi anaingia na mada ya mbinu shirikishi, anasoma notsi, sisi tunaandika masaa mawili, hakuna aliyeuliza wala kuulizwa. Tumejifunza mbinu shirikishi kwa kuimbishwa. Tukienda shuleni tunafanya nini? Tunafanya tulichofanyiwa.

BTP sasa, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni. Siku ambayo mkufunzi anakuja kukukagua unajulishwa. Watoto wanaandaliwa somo ambalo wameshafundishwa jana, wanaambiwa wote wanyooshe mikono, anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mkufunzi anaona darasa zima mikono juu, mwalimu anachagua wa kulia tu. Andalio la somo limepigwa rula, zana imechorwa kwenye manila, alama A. Anapanda gari anawahi shule nyingine maana ana wanachuo wengi wa kukagua na mafuta ni ya kubana. Yule wa dirishani aliyesemwa na @Chaki_Nyeupe nani atamuona hapo?

#13 MamaJunior_Tbr
Hee hiyo ya mikono kumbe ipo kila mahali, na sisi tulifanyiwa. Nilidhani ni shule yetu tu.

#14 Mkufunzi_Mpole
Mimi ni mkufunzi chuo cha serikali, nimesoma #12 mara mbili. Mengi ni kweli na yanauma. Ila jueni na upande wetu. Wengi wetu tumetoka chuo kikuu na digrii tukapangiwa vyuoni moja kwa moja, darasa la kwanza hatujawahi kulifundisha hata wiki. Unamfundisha mtu namna ya kuanzisha kusoma na wewe mwenyewe hujawahi kumuanzisha mtoto yeyote. Niliwahi kuomba nikakae shule ya jirani muhula mmoja nifundishe la kwanza, nikaambiwa hakuna utaratibu huo. Na darasa langu la chuo lina watu wengi kiasi kwamba nikigawa makundi hakuna pa kupita katikati ya viti.

#15 Ticha_wa_LaKwanza
Ngoja niwaletee habari za chini kabisa. Nafundisha darasa la kwanza na la pili, mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 nilipata mafunzo yake, na yalikuwa mazuri kwakweli, sitawadanganya. Kabla ya hapo nilikuwa naandika ba be bi bo bu ubaoni, naimbisha, naondoka. Kwenye mafunzo tukaonyeshwa kuanza na sauti, mtoto asikie mmm, asikie aaa, aziunganishe mwenyewe midomoni kabla hajaona herufi, halafu avunje neno "mama" sauti kwa sauti na kulijenga tena. Ukifanya hivyo mtoto anasoma neno ambalo hujawahi kumfundisha. Ukiimbisha anaimba, ukibadilisha mpangilio kapotea. Mpwa wa @Kiswaga_wa_Geita ameimbishwa huyo, naona kabisa.

Nikarudi shuleni na moto wangu. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, wazazi wakaleta watoto wote, na ni haki yao. Darasani kwangu wakaingia 180 na zaidi. Kipindi ni dakika 30. Pigeni hesabu, ni sekunde 10 kwa kila mtoto na hapo hujafuta ubao. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja watoto 45. Mafunzo yalinipa njia ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, halafu nikapewa watoto ambao siwezi kuwasikiliza. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimerudi kuimbisha, najua kabisa ninachofanya sio sahihi na sina jinsi.

#16 BintiRungwe
#15 hii ingebandikwa mlangoni pale wizarani.

#17 Mfanyabiashara_Halali
Nitawaudhi lakini acheni niseme. Nina watoto inglishi midiamu. Walimu wa pale nimeulizia, wametoka vyuo vilevile, mmoja Butimba, mwingine Marangu, wengine Daraja A hata diploma hawana. Na watoto wanasoma mpaka raha. Kwaiyo mafunzo sio tatizo, tatizo ni usimamizi. Mwenye shule akiona mwalimu hajaingia darasani anamuita siku hiyohiyo. Serikalini nani anamuita?

#18 Ticha_wa_LaKwanza
Kaka, darasa la mwanao lina wangapi?

#19 Mfanyabiashara_Halali
32.

#20 Ticha_wa_LaKwanza
Haya.

#21 Ngosha_Hesabu
Na mtoto kapita chekechea miaka miwili, kafanyiwa usaili kabla ya kupokelewa, nyumbani kuna vitabu na jioni tuisheni. Huwezi kulinganisha. Ila hoja ya usimamizi nakuunga mkono nusu, kuna shule mwalimu yupo ofisini anajaza makaratasi na darasa linapiga kelele, hilo lipo na tusilifiche.

#22 Mwl_Kilifi
Salamu kutoka Kenya. Huku tulikuwa na P1 miaka mingi, cheti cha miaka miwili. Ikaondolewa, 2021 ikaanza diploma ya ualimu wa msingi kwa ajili ya ule mtaala mpya wa umilisi, CBC, kuingia ni lazima uwe na C. Ikatokea nini? Vyuo vingi vikakosa wanafunzi, kwa sababu aliye na C anaona afadhali aende kwingine. Kwa hivyo nyinyi mnaofuta cheti jitayarisheni kwa hilo. Na pia walituletea masomo ya kujiendeleza, yale ya TPD, mwalimu ajilipie shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni. Vyama vya walimu vikakataa. Mafunzo ni mazuri lakini ukiyafanya kuwa adhabu, mwalimu atatafuta cheti tu, hatatafuta maarifa.

#23 Kabwela_Nyasa
Karibu jirani. Hiyo ya kujilipia huku ingewaka moto.

#24 Portali_Imenichosha
Mnaongelea mafunzo na mnasahau sisi tuliofunzwa tukaachwa. Nilimaliza 2016 hesabu na jiografia. Mtaani miaka yote hiyo, nimeendesha boda, nimeuza mitumba, nimefundisha tuisheni kwa elfu tano tano. Sasa wameleta usaili wa walimu kwenye portali ya ajira, unasafiri mkoa kwenda mtihani wa kuandika, ukivuka huo uje wa mahojiano, kwa nauli uliyokopa. Swali langu ni hili, mwalimu anayeajiriwa leo akiwa na cheti cha 2016, mtaala umeshabadilika, nani anamrudisha kwenye mstari? Nina rafiki kapata, karipoti jumatatu, jumanne kapewa vipindi. Hata mtu wa kumuonyesha choo kilipo hakuna.

#25 Mzuka_wa_Kata
Pole sana mwalimu. Na kuna wale wa diploma maalumu ya sayansi UDOM, walirudishwa nyumbani 2015 ndani ya masaa 24, zaidi ya 7,000. Taifa linalia halina walimu wa sayansi na linawafukuza.

#26 Ngosha_Hesabu
Ilikuwa Mei 2016 mkuu. Na baadae sio wote waliachwa, wengine walipelekwa vyuo vya ualimu wakamalizie. Ila nakubali, vijana wale wengi walitoka fom foo na ufaulu mzuri wa sayansi wakaja ualimu kwa kuvutwa na mkopo, halafu wakaitwa vilaza mbele ya nchi nzima. Aliyesikia hayo atampeleka mwanae ualimu?

#27 Daraja_A_Mwenye_Digrii
Kuna jambo hamjaligusa. Mimi nilianza Daraja A, nikafundisha msingi, nikajisomea digrii Chuo Kikuu Huria kwa mshahara wangu. Kila mwalimu mzuri wa msingi ninayemjua amefanya hivyo. Na tukimaliza tunafanyaje? Tunaomba kubadilishiwa muundo tuhamie sekondari, maana pale ndo kuna TGTS D, ngazi ya mshahara ya mwenye digrii, na heshima. Kwaiyo kila mwalimu wa darasa la kwanza anapoelimika anaondoka darasa la kwanza. Mafunzo yamekuwa mlango wa kutokea. Mwalimu aliyebobea kwenye kuanzisha kusoma alipaswa apande mpaka juu akiwa palepale na watoto wake wa la kwanza, alipwe sawa na wa fom siksi. Bila hivyo muongeze diploma, muongeze digrii, mtakuwa mnawasafirisha tu.

#28 Kiswaga_wa_Geita
Nimewasoma wote na nashukuru. @Ticha_wa_LaKwanza naomba msaada, huyu mtoto nimsaidieje nyumbani? Mimi sio mwalimu.

#29 Ticha_wa_LaKwanza
Anza bila kitabu. Mkiwa mnatembea mwambie taja sauti ya kwanza ya "kuku", ya "nyanya", ya "shamba". Zile ng' na ny na dh ndo zinawaangusha, zipe muda. Halafu kata vipande vya karatasi ngumu uandike silabi, ajenge maneno yake mwenyewe hata ya kuchekesha. Dakika 15 kila siku inatosha, usimpige wala usimuite mjinga mbele ya wenzake. Akianza kukisia kwa kuangalia picha, funika picha kama ulivyofanya, hapo ulikuwa sahihi kabisa.

#30 Dogo_Mtukutu
Mi naiba hii kwa ajili ya mdogo wangu. Asante ticha.

#31 Mratibu_Zamu
Nimechelewa kuuona uzi. Mimi niko upande wa kata. Watu wanasema hakuna mafunzo kazini, sasa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ni nini? Kila shule inatakiwa walimu wakae pamoja kama jumuiya ya kujifunza, walete ugumu waliokutana nao wausuluhishe wenyewe, na moduli zipo mtandaoni kwa TET, Taasisi ya Elimu Tanzania. Hata simu ya kawaida yenye bando unasoma.

#32 SautiYaChuoni
@Mratibu_Zamu kwa heshima zote mratibu, bando ni la nani? Na hicho kikao kwetu tunasaini daftari la mahudhurio, anapigwa picha kila mtu, picha inatumwa kwenye grupu, tunatawanyika.

#33 Daraja_A_Mwenye_Digrii
Mkuu shule yangu ya zamani walikaa kweli. Tulikuwa na tatizo la kutoa kwa kukopa, 52 toa 27, nusu ya darasa la tatu wanaandika 35 kwa sababu wanatoa 2 kwenye 7. Tulikaa wanne na madaftari ya watoto mezani, tukaona wote tumefundisha "kopa moja jirani" bila kumuonyesha mtoto kwamba ile moja ni kumi. Tukafunga njiti kumi kumi kwa rababendi, mtoto anafungua fungu kwa mkono wake. Hakuna semina wala posho. Inawezekana, ila tulikuwa na mwalimu mkuu anayejua hesabu na anayekaa nasi mpaka mwisho.

#34 Mratibu_Zamu
@Daraja_A_Mwenye_Digrii huo ndo mfano ninaoutafuta, nitaupeleka kwenye kata yangu. @SautiYaChuoni unachosema kipo sibishi. Nina shule nyingi, usafiri wangu pikipiki, na kila ofisi inanidai ripoti yake. Nikienda kukaa dawati la nyuma somo zima kama yule mratibu wa mzee, ripoti za siku hiyo nani atazituma?

#35 Chaki_Nyeupe
Mwanangu mratibu, na sisi ripoti zilikuwepo. Alizituma jumamosi.

#36 Mratibu_Zamu
Mzee wangu shikamoo, jumamosi nazo zimejaa. Nipunguziwe ripoti nitakaa dawati la nyuma, nalisema mbele ya jamvi zima.

#37 Mfanyabiashara_Halali
Sasa naomba walimu mnijibu kwa uwazi. Fedha zikiwepo za kitu kimoja tu, ziende kwenye kurefusha mafunzo vyuoni, au kuajiri akina @Portali_Imenichosha madarasa yapungue?

#38 Portali_Imenichosha
Ajira. Sihitaji hata kufikiri.

#39 Fizikia_Pori
Mafunzo, ila yawe ndani ya shule na mtu wa kukuangalia mwaka mzima wa kwanza. Ukiniongezea walimu kumi kama nilivyokuwa 2006 umeniongezea makosa kumi.

#40 Ticha_wa_LaKwanza
@Fizikia_Pori mwalimu, njoo ukae na 180 wiki moja halafu urudie hilo jibu.

#41 Fizikia_Pori
Nakuja, nipe tarehe. Ila na wewe umekiri bila yale mafunzo ya 2015 hata ungepewa 45 ungewaimbisha ba be bi bo bu wote 45.

#42 MamaJunior_Tbr
Na bado hamjanijibu, kwanini aliyepata divisheni wan hataki ualimu?